Haki za Mke Mwenye Mimba ya Kwanza Katika Siku za Mapumziko Ugenini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la manii akamhifadhi katika kizazi cha mama yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Jua, ndugu msomaji, ya kuwa mke mwenye mimba ana haki juu ya mumewe zaidi ya zile alizokuwa nazo kabla ya hapo. Katika Sura ya At-Talaq, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ameamrisha wenye mimba wapewe matumizi mpaka wazae, na waliokusudiwa hapo ni wanawake waliokwisha kuachwa. Ikiwa aliyeachwa ana haki hiyo, aliyemo ndani ya ndoa ana haki zaidi. Na katika Sura ya Luqman, aya ya 14, imeelezwa kuwa mama hubeba mimba katika udhaifu juu ya udhaifu. Kwa hiyo asiseme mume, "Nimempa fedha na chakula, nimetimiza." Kumpumzisha aliye dhaifu ni katika kukaa naye kwa wema, na wema huo umeamrishwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 19.

Mas-ala haya huwagusa sana waliohamia miji ya biashara ya mbali. Mmojawapo ni Xintang, mji wa viwanda katika wilaya ya Zengcheng, mashariki ya Guangzhou nchini China, uliopata sifa duniani kwa kushona suruali za jinzi. Safari ya watu wa Oman kwenda pande hizo si jambo jipya. Abu Ubayda Abdallah bin al-Qasim, katika wanavyuoni wa Kiibadhi wa karne ya pili ya Hijra, alifika China kwa biashara. Na katika miaka ya 1980 na 1981 jahazi lililoitwa Sohar, lililojengwa Sur kwa kamba za nazi bila ya misumari, lilitoka Oman likatia nanga Guangzhou baada ya miezi kama saba na nusu. Lakini mabaharia wa kale waliwaacha wake zao kwa mama zao. Mfanyabiashara wa leo huenda na mkewe, na mke huyo akashika mimba mahali ambapo hana mama, hana shangazi, wala hana mkunga anayeijua lugha yake.

Na uchukuliwe mfano wa kufundishia, wala si wa mtu maalumu. Mume ana afisi ndogo Xintang, naye huwanunulia nguo wateja wa Muscat na Dubai. Mkewe ni mwenye mimba ya miezi saba, nayo ni ya kwanza. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013. Imarati hupumzika Jumamosi na Jumapili tangu mwaka 2022, pamoja na nusu ya Ijumaa. Na China hupumzika Jumamosi na Jumapili. Basi mapumziko ya kila mmoja huwa kazi kwa bibi huyu. Ijumaa usiku jamaa wa Muscat wamemaliza chakula, wanapiga simu kumjulia hali. Saa nne ya usiku kwao ni saa nane ya usiku Xintang. Jumamosi wageni wawili na wake zao wanafika, naye hufuatana na wanawake madukani kwa kuwa ndiye ajuaye maneno machache ya Kichina. Jumapili wote wanapanda treni ya chini ya ardhi, ambayo njia yake ya 13 ilifika Xintang Desemba 2017, wauone msikiti wa kale wa Huaisheng na mnara wake mjini Guangzhou. Magharibi wanarudi, na pilau ya watu wanane haijatiwa jikoni.

Hakuna katika hayo lililo haramu kwa dhati yake. Kuunga jamaa ni wajibu, kumkirimu mgeni ni katika imani, na kuuzuru msikiti ni kheri. Kosa limo katika kuyakusanya yote juu ya mgongo mmoja. Sharia imempa mgeni siku tatu, na ikamkataza kukaa mpaka amtie mwenyeji katika uzito. Hukumu hiyo haikungoja mwenyeji awe mja mzito. Basi itakuwaje akiwa ndivyo? Tena wanavyuoni wamekhitalifiana hata katika kazi za nyumbani, je, zamlazimu mke au la. Mwenye kusema zamlazimu hakusema zamlazimu kwa kiasi cha kumdhuru, kwani madhara huondolewa.

Hapa pana jambo ambalo waume wengi hawalijui, nalo ndilo kubwa katika somo hili. Liko gonjwa la shinikizo la damu lipatikanalo kwa wenye mimba, ambalo mara nyingi hudhihiri baada ya wiki ya 20, na mwenye mimba ya kwanza yumo katika hatari zaidi kuliko aliyekwisha zaa. Likiachwa huweza kufikia kifafa cha mimba, akafa mama au mtoto au wote wawili. Dalili zake ni kichwa kuuma sana pasina kupoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, na uso na mikono kuvimba kwa ghafla. Na dalili nyingine za hatari katika mimba ni damu kutoka, maji kuvuja kabla ya wakati, homa, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Katika yote haya haingojwi Jumatatu. Huendewa hospitali saa ile ile, iwe usiku au mchana.

Aliyezaa mara tatu huitambua dalili mbaya. Mwenye mimba ya kwanza hudhani kila uchungu ni desturi ya mimba, hasa akiwa amesimama siku nzima, na haya humzuia kusema mbele ya wageni. Nyumbani kwao mama mtu angeliutazama uso wake asubuhi akajua. Ugenini jicho hilo ni la mume, maana hapana mwingine. Mume aambiwaye na mkewe kuwa kichwa kinauma na macho hayaoni sawasawa, akajibu, "Subiri wageni waondoke," amefanya ukarimu kwa mali isiyokuwa yake.

Pia asimpeleke katika viwanda vya kutilia rangi na kufulia jinzi. Dawa zitumiwazo humo zina madhara, na uchafuzi wa maji uliotokana na kazi hiyo Xintang ulielezwa hadharani mwaka 2010. Baadhi ya viwanda vimefungwa au kuhamishwa baada ya hapo, lakini mwenye mimba hana haja ya kwenda kuhakikisha.

Ama sala, Mola amewapa wepesi wala wasiukatae. Kwa madhehebu ya Ibadhi, aliyeuacha mji wake kwa masafa ya farsakh mbili, nazo hukadiriwa kuwa kilomita 12, husali qasri maadamu hakuufanya mji alioufikia kuwa watani, hata akikaa miaka. Na mke humfuata mumewe katika watani. Basi ikiwa mume ameuacha Muscat kuwa ndio watani wake, wote wawili husali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, Xintang na Guangzhou vile vile. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Wakisali nyuma ya imamu mkaazi hutimiza pamoja naye. Kukusanya sala ni ruhusa, na kwa msafiri aliyetua bora ni kusali kila moja kwa wakati wake. Lakini siku ya kutembea, na miguu ya mke imevimba, ruhusa hiyo ndiyo mahali pake. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa.

Na yeyote aonaye kuwa kumwepusha mja mzito na watu ni kuvunja heshima, na azingatie habari ya Bibi Maryam katika Sura yake, aya ya 23 hadi ya 26. Uchungu ulimfikisha kwenye shina la mtende, akatamani lau angelikufa kabla ya hayo. Hakuamrishwa kuwapokea watu wala kuwajibu. Alipewa kijito cha maji na tende mbivu, akaambiwa ale na anywe na atulize jicho lake, na akimwona mtu yeyote amfahamishe kuwa ameweka nadhiri ya kutosema siku ile. Maji, chakula, utulivu, na kuondolewa mazungumzo ya watu: hayo ndiyo aliyopewa aliye bora kuliko wanawake wote wa mfano wetu.

Basi mume na afanye haya. Simu za jamaa azipokee yeye, na awatajie tofauti ya saa. Watu wema hawaudhiki wakielezwa. Wageni awatafutie hoteli, na chakula chao akinunue katika migahawa ya Waislamu. Wake zao awatafutie mkalimani wa kulipwa. Jamaa wakiuliza mtoto ni mwanamume au mwanamke, wajibiwe kuwa sheria ya China imewakataza matabibu kubainisha hilo pasina haja ya tiba. Na kumpa tabibu chochote ili aseme ni rushwa, nayo ni haramu. Siku ya kwenda kupimwa afuatane naye mwenyewe, wala asimtume karani. Mtoto akizaliwa, cheti chake kipelekwe kwa idara ya uhamiaji ya polisi kabla ya kupita siku 60, kama iamrishavyo sheria ya nchi hiyo.

Ama wageni wa maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yafanywayo Aprili na Oktoba, na waandikiwe mapema, kabla hawajakata tiketi, kuwa nyumba haitapokea mtu msimu huu.