Somo la Ufugaji: Bawa Lililopinda

Kifaranga wako wa bata bukini ana wiki nne hivi. Leo unaona bawa limegeuka, manyoya yametokeza nje. Usiseme amerogwa, wala usikimbilie kisu. Ugonjwa huu hauambukizi.

Sababu ni nini? Mara nyingi ni kushibishwa mno chakula chenye nguvu nyingi. Manyoya yanakua upesi, yanajaa damu, yanakuwa mazito. Kiungo cha mwisho cha bawa bado ni laini, basi kinapinda.

Fanya hivi:

1. Kunja bawa likae kama kawaida yake.
2. Lifunge lenyewe kwa kitambaa laini. Usikaze, wala usizungushe kifuani, asije akashindwa kupumua.
3. Litazame kila siku. Baada ya siku 3 hadi 5 fungua. Likigeuka tena, funga upya.
4. Punguza chakula cha dukani. Mtoe malishoni ale majani mabichi na atembee.

Usichelewe! Mifupa ikishakomaa, kitambaa hakisaidii tena.

Swali: Kwa nini hatungoji mpaka kifaranga akue?