Mkaguzi Anakuja Kesho: Je, Wewe Umeshaikagua Kazi Yako?

Wengi wenu mnaopokea malipo kupitia till zetu mna kisiagi, karakana ya kuchomelea, duka la mikate au ghala dogo. Swali mnalotuuliza kuhusu wakaguzi wa usalama huwa ni la pesa: "Amekuja, sasa nimlipe kwa nambari gani?" Tutalijibu. Lakini kwanza tuulizane jambo lingine: kati yako na mkaguzi, nani anaijua hatari iliyo hapo kazini?

Chukua kisiagi cha mahindi. Mkaguzi anafika saa nne asubuhi. Mashine imezimwa, sakafu imefagiwa, mkanda umetulia. Anaona mahali pasafi. Hatari yenyewe huja saa kumi na moja jioni, foleni imefika barabarani, watoto wametumwa na ndoo za mahindi, stima inapotea na kurudi. Mkanda ukiruka, kijana wa mashine anaurudisha kwa kijiti huku gurudumu likizunguka, kwa sababu akizima wateja wataanza kelele. Hapo ndipo vidole huenda. Mgeni wa asubuhi hawezi kuliona hilo asipoambiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi atathmini hatari zake mwenyewe. Pia inataka angalau mara moja kila miezi 12 afanyiwe ukaguzi kamili na mshauri wa usalama aliyesajiliwa, ambaye huandika ripoti na kutuma nakala kwa mkurugenzi wa idara ya serikali inayohusika. Ni mambo mawili tofauti. Ripoti ya mshauri haikuondolei ile kazi yako ya kutathmini.

Ifanye siku chache kabla hajafika. Kaa na wanaoshika mashine, uwaulize bila ukali: ni lini mara ya mwisho ulishtuka hapa? Ukianza kwa kutafuta nani ana makosa, watanyamaza wote. Andika kila jibu kwenye daftari, kisha jiulize mawili: jambo hili linaweza kutokea mara ngapi, na likitokea litaumiza kiasi gani? Vumbi la unga kwenye swichi halishiki moto kila siku, lakini likishika, ni duka zima. Kelele nayo inaumiza polepole. Kanuni za Kenya zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Kama lazima upige kelele ndiyo mwenzako aliye karibu akusikie, mwambie mkaguzi apime.

Mkanda usiofunikwa tungeuweka wa kwanza. Na tusidanganyane: bango la "Hatari" ukutani halizuii mkono. Kifuniko cha wavu wa chuma kinazuia, na fundi wa mtaani anaweza kukichomelea.

Mkaguzi akifika, mpe daftari hilo. Wengine huogopa kwamba wanajishtaki. Sisi tunaona kuficha ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mtu akiumia baadaye, ripoti inayosema kila kitu kiko sawa haitamsaidia yeye wala wewe. Mwombe aje saa za kazi nyingi, ajionee.

Kumbuka pia yeye ni mgeni. Hajui ni swichi gani huwasha nini. Kabla hajachungulia nyuma ya mashine, zima swichi kuu, uifunge, na ufunguo ukae mfukoni mwa mtu mmoja mpaka mgeni atoke. Stima ikirudi ghafla, haitamkuta ameingiza mkono.

Sasa pesa. Mshauri wa kibinafsi umemwajiri wewe: kubalianeni bei kwa maandishi, ulipe kwa Paybill au till ya kampuni yake, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Afisa wa serikali ni tofauti. Mwombe kitambulisho chake cha kazi. Mtu wa kweli hakasiriki. Ada za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Akisema "nitumie kwa hii yangu, tumalizane," usitume. Hiyo si ada, na ukishaituma kwa hiari yako, kuirudisha ni shida. Tena mkanda bado uko wazi, umelipa bure.

Ujumbe wa malipo usiufute. Piga picha ya skrini, uihifadhi pamoja na ripoti, na kando ya kila kosa lililoandikwa humo weka tarehe uliyolirekebisha na risiti ya fundi. Mkaguzi wa mwaka ujao huenda akawa mtu mwingine kabisa, na ataanzia kwenye karatasi hizo.