Somo: Kuonja Chokoleti Tupu Iliyotoka Nchi Nyingine

Mkazi wa Musoma hahitaji kufundishwa namna ya kumchagua sato mwaloni. Humtazama macho, humfunua mashavu, humbonyeza ubavuni, ndipo aulizapo bei. Lakini mtu huyo huyo akikuta dukani chokoleti iliyofungwa kwa karatasi inayometameta, yenye maandishi ya nchi ya mbali, huilipia kwa kuiamini picha. Somo hili linamkumbusha mlaji wa Musoma, Bunda na Butiama kwamba uangalifu wa mwaloni unafaa dukani pia.

Tumechagua chokoleti tupu, yaani isiyotiwa karanga, matunda wala kionjo kingine, kwa kuwa haina pa kuficha kasoro zake. Atakayeijua hiyo ataweza kuzipima nyingine.

Kwanza: soma kabla ya kuonja

Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikitangulia, basi unanunua sukari iliyotiwa kakao. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chokoleti iwe na kakao isiyopungua asilimia 35, ikiwamo siagi ya kakao isiyopungua asilimia 18. Chokoleti ya maziwa yapaswa kuwa na kakao isiyopungua asilimia 25. Mafuta mengine ya mimea, yakitumika, yasizidi asilimia 5. Kwa hiyo ukiona mafuta ya mawese yametajwa mwanzoni mwa orodha na siagi ya kakao haimo, hiyo ni peremende yenye ladha ya chokoleti. Si haramu kuiuza, bali si haki kuiuza kwa jina na bei ya chokoleti.

Tazama tarehe kwa makini. Maandishi 05/04 kwetu ni tarehe 5 Aprili. Kwa Wamarekani ni tarehe 4 Mei. Pia, nchi iliyotengeneza chokoleti si lazima iwe ndiyo iliyolima kakao. Ubelgiji haina mashamba ya kakao, ilhali Kyela, mkoani Mbeya, inayo.

Mwenye mzio wa maziwa, karanga au soya asionje kitu kabla lebo haijasomwa yote. Chokoleti nyeusi, hata isiyotajwa maziwa miongoni mwa viambato vyake, mara nyingi hutengenezwa kwa mitambo ile ile ya chokoleti ya maziwa. Mabaki kidogo yanaweza kumletea mwenye mzio vipele, kutapika, hata kushindwa kupumua. Ulimi hauwezi kumwonya mapema. Ikiwa lugha ya lebo haieleweki, mtoto mwenye mzio asipewe.

Pili: onja kwa utaratibu

Chagua saa za asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, chini kidogo ya joto la mwili. Mchana wa Bunda hata chokoleti njema hulegea. Sukutua kinywa kwa maji, kisha fuata hatua hizi.

Tazama. Uso uwe laini na wenye mng'ao. Utando mweupe hutokana na mafuta au sukari iliyopanda juu baada ya chokoleti kupata joto au unyevu. Utando huo haudhuru, ila waonyesha kwamba chokoleti haikutunzwa vema safarini au dukani. Ukungu wenye manyoya au harufu ya uvundo ni jambo jingine: usionje.

Vunja. Iliyotengenezwa na kutunzwa vizuri hukatika kwa mlio mkavu. Chokoleti ya maziwa huwa laini zaidi, hivyo mlio wake ni hafifu.

Nusa. Chokoleti hunyonya harufu upesi. Iliyowekwa karibu na sabuni, mafuta ya taa au dagaa itakueleza yenyewe ilikolala.

Yeyusha. Weka kipande kidogo ulimini, usitafune. Siagi ya kakao huyeyuka na kuondoka. Mafuta magumu ya aina nyingine huweza kuacha utando kama wa nta kwenye kaakaa. Uchungu na uchachu kidogo si kasoro, kwani punje za kakao huvundikwa kwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Utamu pekee, usio na harufu ya kakao, ni ishara ya kakao haba.

Tatu: zoezi la nyumbani

Watu wanne au watano wachangie chokoleti mbili tupu: moja ya bei nafuu na moja yenye asilimia ya kakao iliyoandikwa wazi. Mmoja avunje vipande bila kuonyesha karatasi. Wengine waonje na kuandika waliyoyaona. Kisha lebo zisomwe kwa sauti. Pigeni pia hesabu ya sukari: chokoleti nyeusi tupu ya gramu 100 yenye kakao asilimia 55 yaweza kuwa na sukari ipatayo gramu 45. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ingekuwa bora zikiwa chini ya 25.

Ukibaini kasoro

Usitupe karatasi wala risiti. Mrudie muuzaji kwanza, umweleze kwa utulivu. Ikiwa chakula kimepita muda wake, kimeharibika au lebo yake inadanganya, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara. Malalamiko ya kupotoshwa na muuzaji hupokelewa pia na Tume ya Ushindani (FCC).

Maswali ya kujipima

1. Ni kiambato gani kilichotangulia katika chokoleti uliyonunua mara ya mwisho?
2. Utatofautishaje utando wa mafuta na ukungu?
3. Ni hatari gani ambayo ulimi hauwezi kuitambua mapema?