Mpaka wa Lunga Lunga Ukitikisika, Mtaji Wako Usitikisike

Machungwa ya Muheza hayangoji mawaziri wapatane. Yakishachumwa na kupakiwa kwenye kenta, yana siku chache tu za kufika Ukunda, Msambweni au Kongowea yakiwa bado na sura ya kuuzika. Ndiyo maana ukitokea mvutano kati ya Nairobi na Dodoma, watu wa kwanza kukosa usingizi Kwale ni akina mama wa genge, madereva wa kenta na vijana waliokopa kwenye chama ili wanunue mzigo. Mazungumzo hufanyika mbali, mara nyingi dakika za lala salama, na hasara hutangulia kufika huku kwetu kabla ya taarifa ya mwafaka.

Shauri langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: panga biashara yako kwa ajili ya zile siku za katikati, baina ya tangazo la kuzuia na mwafaka wa kufungua. Mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro umezoea kufunguka tena. Linalomtesa mfanyabiashara mdogo ni kwamba unafunguka yeye akiwa hana tena cha kuvushia.

Tazama yaliyokwisha kutokea. Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile tunayoiita aflatoksini. Tarehe 10 Machi, marufuku ikaondolewa. Siku tano tu. Lakini iliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane mahindi yalilimwa wapi. Mwezi Mei, Rais Samia wa Tanzania alipozuru Nairobi, suala la mahindi yaliyokwama mpakani lilikuwa bado mezani, na Rais Kenyatta akawaagiza mawaziri wake walimalize ndani ya wiki mbili. Yaani baada ya miezi miwili ya "kufunguliwa", bado kulikuwa na mzigo uliokwama. Kwa hiyo ukisikia marufuku imeondolewa, usikimbilie kupakia. Subiri usikie gari la mtu unayemfahamu limepita, na limepita na karatasi zipi.

Mizozo mingine huzimika upesi zaidi. Januari 2024, Tanzania ilitangaza kwamba ndege za abiria za Kenya Airways hazitatua nchini humo kuanzia tarehe 22; mawaziri wa mambo ya nje wakazungumza, na jambo likaisha kabla tarehe yenyewe haijafika. Mei 2020, wakati wa korona, malori yalizuiwa Horohoro kwa sababu ya ugomvi wa vipimo vya madereva, hadi mawaziri wa uchukuzi walipokutana Namanga mwezi huo huo. Upo pia mfano mbaya, nao usisahauliwe: Februari 1977 mpaka ulifungwa wakati Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wadigo wenye ndugu pande zote mbili walipata taabu, si wafanyabiashara peke yao. Lakini tangu hapo mizozo ya huku imekuwa ya siku, wiki au miezi michache, na hiyo ndiyo ya kujiandalia.

Habari ikitoka, anza kwa kuuliza maswali kabla ya kupiga simu ya kughairi mzigo. Ni bidhaa gani hasa iliyotajwa? Nani ametangaza: waziri kwenye mkutano wa hadhara, mamlaka kwa barua, au Gazeti rasmi la Serikali? Inaanza lini? Na mzigo ambao tayari uko njiani unahukumiwaje? Swali hili la mwisho ndilo ambalo watu husahau, na ndilo lenye pesa zako ndani. Sauti iliyorekodiwa na kusambazwa WhatsApp kwamba "mpaka umefungwa" haijibu hata swali moja kati ya haya. Kuwa na namba za watu watatu: wakala wa forodha aliye Lunga Lunga, dereva anayepita kila wiki, na muuzaji wako wa Tanga. Wawili wakikubaliana, una habari. Akisema mmoja tu, una uvumi.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe. Pima umri wa bidhaa yako dhidi ya umri wa mzozo. Mchele na maharagwe hustahimili wiki kadhaa ghalani. Mzozo ukinukia, unaweza kuongeza akiba kidogo bila hofu. Vitunguu huvumilia ikiwa vimekaushwa vizuri na havikubanwa kwenye gari. Machungwa, nyanya na samaki wabichi havina subira yoyote. Katika wiki za mazungumzo, bidhaa za namna hii zinunue kwa vipande: nusu kenta mara mbili ni afadhali kuliko kenta nzima mara moja, ijapokuwa nauli inapanda. Ile nauli ya ziada ihesabu kama gharama ya kulala usingizi. Na kamwe usinunue bidhaa inayooza kwa mkopo wakati mawaziri bado wako mezani, kwa sababu anayekudai hatakuuliza Dodoma walisemaje.

Jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa Kwale alifanye, na wengi hawalifanyi, ni kuandikiana na muuzaji juu ya hasara kabla gari halijaondoka. Biashara yetu nyingi ni ya mdomo, ya kuaminiana, ya "kaka" na "shemeji", na uaminifu huo ni mali. Lakini mzigo ukikwama siku tatu, kila mmoja hukumbuka maneno tofauti. Haihitaji wakili. Ujumbe wa simu unatosha, maadamu mwenzako amejibu kwamba amekubali. Kwa mfano: "Kaka, nimelipa nusu ya mzigo leo. Nusu nitatuma ukishavuka Lunga Lunga. Ukizuiwa Horohoro zaidi ya siku moja, uuze huko huko kwa bei utakayopata, na hasara tutagawana sawa kwa sawa. Umekubali?" Ujumbe huo unamaliza mambo matatu: malipo, muda wa kusubiri na mgawanyo wa maumivu. Pia unampa muuzaji ruhusa ya kuamua haraka, kwani mzigo uliozuiwa Horohoro asubuhi bado unaweza kurudi Tanga na kuuzwa soko la Mgandini. Wa siku ya tatu huenda ukawa wa kumwaga.

Wanaopeleka matunda na mboga kwenye hoteli za Diani wana shida ya upande wa pili, maana wao wameahidi kufikisha. Kama ni wewe, zungumza na mnunuzi wa hoteli mapema, wakati mambo ni shwari, mkubaliane bidhaa mbadala na bei yake. Shimba Hills na Lukore kuna machungwa na ndizi, na mashamba ya kuelekea Kikoneni yana maembe na muhogo. Huenda mzigo wa huku ukawa mdogo na bei ikawa juu, lakini mkulima wa hapa hukubali kukuuzia siku ya shida ikiwa ulimkumbuka siku ya raha. Nunua kwake kidogo kila wiki, hata mpaka ukiwa wazi.

Karatasi ndizo zinazoamua nani apite mambo yakikaza, kwa kuwa afisa aliyebanwa na wakubwa hutafuta kwanza gari lisilokamilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha inayokubaliwa, unapata cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani, na haulipi ushuru wa forodha. Lakini cheti hicho hakifuti ukaguzi wa afya ya mimea. Mazao yanataka kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, kilichoombwa mapema, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya Tanzania. Omba karatasi hizi mwezi ulio mtulivu. Wewe mwenyewe unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka Uhamiaji, kwa sababu kitambulisho cha taifa peke yake hakikutoshi upande wa pili. Na usikubali kuugawa mzigo mkubwa mmoja kwa majina ya watu watano ili uonekane mdogo. Maafisa wa Lunga Lunga wanaijua mbinu hiyo, na ikigundulika, watano wote wanaharibikiwa jina.

Kuna badiliko moja ambalo mnunuzi wa machungwa hana budi kulielewa vizuri. Julai 2025, Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Wengi huku walisikia tu kuhusu saluni, ufundi wa simu na huduma za kutuma pesa. Vijana wa Diani wanaosindikiza wageni walishtuka kusikia kuongoza watalii nako kumo. Lakini ndani ya orodha hiyo umo pia ununuzi wa mazao shambani, na uwakala wa forodha vilevile. Maana yake, ile desturi ya kuvuka hadi Muheza, kuingia shamba kwa shamba na kununua mti kwa mti sasa ni kosa kwa Mkenya. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha kuishi. Aliyekuwa na leseni halali aliruhusiwa kuendelea hadi imalizike muda.

Kenya ililalamika, ikisema amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Kwa maoni yangu Kenya ilikuwa na hoja nzito. Lakini hoja ya waziri haimtoi mtu mahabusu. Ukishikwa shambani, utahukumiwa kwa amri iliyopo.

Fanya hivi badala yake. Mtafute mfanyabiashara Mtanzania mwenye leseni, anunue kwa jina lake na kwa pesa yake, kisha akuuzie wewe mzigo ukiwa tayari kuvuka. Bei itapanda kidogo kwa sababu faida yake imo, lakini na hatari ya kuzunguka mashambani imekuwa yake. Jihadhari sana na ule mtindo wa kumtumia mtu kama kivuli, wewe ukitoa pesa na kuamuru kila kitu huku yeye akiweka jina tu. Amri hiyo hiyo inamwadhibu raia anayemsaidia mgeni kuivunja, kwa faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Usimtie ndugu wa watu matatani kwa ajili ya magunia yako.

Mambo yakikaza, utaambiwa kuna njia za panya, kwa bodaboda porini au kwa mashua hadi ufuoni Jimbo na Vanga. Kataa. Sisemi hivi kwa sababu ya sheria peke yake. Mzigo uliopita porini hauna karatasi, na mzigo usio na karatasi hauna mwenyewe: askari akiuchukua huna pa kushtaki, dereva akiutorosha huna pa kushtaki, na siku mwafaka ukipatikana hutakuwamo katika hesabu ya waliozuiwa. Mahindi yaliyovushwa hivyo bila kupimwa yanaweza pia kuwa na sumukuvu, na hatimaye yataliwa na watoto wa Kinango na Msambweni. Sumukuvu imewahi kuua watu zaidi ya 100 nchini Kenya mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake. Hofu ile ya Machi 2021, hata kama iliendeshwa vibaya, haikutoka hewani.

Kwa wanaonunua dukani neno ni fupi: usijaze nyumba unga. Kukimbilia madukani ndiko kunakopandisha bei upesi, hata pale ambapo hakuna gari hata moja lililozuiwa.

Ukizuiwa bila sababu unayoielewa, usiondoke mikono mitupu. Andika tarehe, saa, dawati ulilosimamishwa, bidhaa, thamani yake, na sababu uliyopewa kwa maneno ya afisa mwenyewe. Omba sababu hiyo kwa maandishi. Ukinyimwa, andika kwamba umenyimwa. Peleka kwa chama chenu cha wafanyabiashara na kwa maafisa wa biashara wa kaunti. Ripoti pia kwenye mtandao wa pamoja wa jumuiya za EAC, COMESA na SADC wa kupokea malalamiko ya vikwazo visivyo vya kiforodha. Kila nchi ya Jumuiya inatakiwa kuvishughulikia vikwazo hivyo chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017. Wauzaji kumi wenye malalamiko ya aina moja wapeleke pamoja, kwa karatasi moja.

Oktoba 2022, Rais Ruto alipokwenda Dar es Salaam, Rais Samia alieleza kwamba vikwazo 54 kati ya 68 vilivyokuwa kati ya nchi hizi mbili vilikwisha kuondolewa, vimebaki 14. Mawaziri huingia mkutanoni na orodha ya namna hiyo. Kilichokupata Lunga Lunga hakitaingia humo usipokiandika, kwa hiyo kiandike siku hiyo hiyo na ukipeleke.