Namba ya Ziwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nimesoma ripoti nyingi za kukadiria faida ya kusafisha mito na maziwa. Nyingine niliziandika mwenyewe, na mbili kati ya hizo natamani mchwa wangezila. Namba mbovu haitulii kwenye karatasi. Inahamisha wachuuzi ukingoni bila fidia, au inachekwa pale Hazina na mto unabaki jaa. Kwa hiyo nasema wazi.

KABLA YA KUSHIKA KIKOKOTOO

Fanya

Pima mabadiliko. Usiulize ziwa lina thamani gani. Uliza nani atapata nini maji yakitoka hali hii kwenda hali ile. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria huduma za asili za dunia nzima kuwa dola trilioni 33 kwa mwaka. Namba ilitangazwa kila mahali, lakini huwezi kuitumia kuchagua hata bomba moja la majitaka.

Andika kitakachotokea bila mradi. Ziwa halikusubiri. Gugu maji lilipungua sana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuna fukusi waliopelekwa kulila, na kuna mvua na mawimbi ya El Niño. Wanasayansi walibishana miaka mingi juu ya nani apewe sifa. Mradi wako usije ukajisifia kazi ya mawingu.

Usifanye

Usikope namba ya Marekani ukaizidisha kwa bei ya dola ya leo. Robert Mitchell na Richard Carson waliwahoji Wamarekani miaka ya 1980 kwa kutumia ngazi yenye vidato vitatu: maji yanayofaa mashua, yanayofaa uvuvi, yanayofaa kuogelea. Ngazi hiyo ni ya mtu anayekwenda mtoni Jumamosi kujiburudisha, na nyumbani ana bomba. Mtu wa Musoma au Homa Bay anaingia ziwani na ndoo. Kuchota, kufua, kuogesha mtoto na kukwepa kichocho havimo kwenye ngazi ile. Umekopa kiatu cha mguu mwingine.

Usitumie wastani wa mwaka. Watu hawanywi wastani. Agosti 2014 watu karibu nusu milioni wa Toledo, Ohio, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa takriban siku tatu kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie, na wakaonywa wasiyachemshe maana sumu ingezidi kukolea. Siku tatu hizo hutaziona kwenye wastani wa miezi 12.

MBELE YA MHOJIWA

Fanya

Sema nani analipwa, kwa njia ipi, kwa muda gani. Kwenye mwalo mmoja wa Mwanza nilisimama nyuma ya mdadisi wangu, kijana msomi, akimhoji mama aliyekuwa anaanika dagaa mchangani.

"Shikamoo mama. Ungekuwa tayari kulipa kiasi gani ili ziwa liwe safi?"

"Marahaba." Hakuinua uso, mikono inaendelea kutawanya dagaa. "Nimlipe nani?"

Kijana akaandika sifuri. Nilimnyang'anya dodoso. Mama yule alikuwa na madumu mawili ya maji ya kisima yaliyoletwa kwa baiskeli, ameyalipia asubuhi ile, naye amesimama hatua kumi kutoka ziwani. Mtu anayenunua maji huku ziwa linamlamba miguu hajasema maji safi hayana thamani. Amesema hakuamini wewe. Sifuri ya kukataa swali na sifuri ya kutohitaji kitu ni sifuri mbili. Ziandike safu mbili.

Taja bei, kisha pokea ndiyo au hapana. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, serikali ya Marekani iliunda jopo la kuchunguza madodoso ya namna hii chini ya Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa Nobeli. Mwaka 1993 wakasema: hoji ana kwa ana, uliza kama unayepiga kura, mkumbushe mhojiwa kwamba pesa hiyo itatoka kwenye matumizi yake mengine na kwamba yapo maji mengine ya kusafishwa. Zaidi ya miaka 30 imepita. Bado naletewa madodoso ya "kiasi gani?" na nafasi ya wazi ya kujaza.

Jaribu ukubwa. Wape kundi moja kijito kimoja, kundi jingine bonde zima. Wakitaja bei ileile, tupa kazi. Watafiti fulani waliwahi kuuliza watu wangelipa nini kuokoa ndege 2,000, wengine ndege 20,000, wengine 200,000. Wastani wa majibu: dola 80, 78 na 88. Watu walikuwa wananunua sifa ya kuwa wema. Ndege hawakuhesabiwa.

Uliza pia kwa siku za kazi. Kaya isiyo na shilingi ya kutoa inaweza kutoa Jumamosi mbili za kuzibua mfereji. Ukiuliza pesa tu, maskini wote watakuwa hawajali maji.

Usifanye

Usihoji mwenyekiti wa mtaa akiwa amekaa kando. Atakayejibu ni yeye, kwa mdomo wa mwenzake.

Usiende mwaloni mwezi mpevu ukaandika mapato ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na wewe utarudi mjini na takwimu kwamba wavuvi hawana kazi.

Usigawe sabuni kabla ya maswali. Nadhani sababu unaijua.

KWENYE HESABU

Fanya

Anza na shabu. Mtambo wa maji unaovuta maji machafu hununua magunia mengi zaidi ya shabu, klorini zaidi, na huosha machujio mara nyingi zaidi. Risiti zipo. Ni hesabu ndogo, lakini hakuna mhasibu atakayeipinga, na ukiiweka mbele atakusikiliza kwenye zile ngumu.

Toa gharama. Thamani ya samaki si bei ya sangara mwaloni. Toa petroli, nyavu, barafu, ujira wa vijana wa mtumbwi. Kisha jiulize swali linalokwepwa: samaki wakiongezeka, nani atazuia mitumbwi isiongezeke? Ziwa likiwa wazi kwa kila mwenye injini, faida ya maji safi itagawanywa kwa wavuvi wapya hadi kila mmoja abaki na kile alichokuwa nacho mwanzo. Bila udhibiti wa uvuvi, usiandike faida ya uvuvi ya miaka 20.

Weka zaidi ya riba moja ya kupunguzia faida ya baadaye. Faida hiyo huchelewa: fosforasi iliyolala kwenye tope la ziwa huendelea kurudi majini muda mrefu baada ya bomba kuzibwa. Ukiandika faida kamili mwaka wa kwanza umedanganya.

Usifanye

Usihesabu kitu kimoja mara mbili. Harufu ya mto ikiisha, bei ya kiwanja inapanda kwa sababu harufu imeisha. Huwezi kuandika kupanda kwa kiwanja, halafu chini yake ukaandika raha ya kukaa bila harufu. Nimeona ripoti iliyoiuza hewa hiyohiyo mara tatu.

Usiwafute wasio na risiti. Dobi wa ukingoni, muuza mchicha wa bondeni na mama wa dagaa wana mapato. Ukiwaandika sifuri, mradi utawahamisha bure na bado utaitwa wenye faida.

UKISHAPATA NAMBA

Fanya

Taja nani anapata na nani anapoteza, kwa makundi. Mfuko wa maji wa Tana ya Juu, uliozinduliwa Kenya mwaka 2015, ulikadiria kwamba dola milioni 10 za kuhifadhi udongo zingerudisha dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Makadirio hayo yaliwagusa wazalishaji wa umeme, wasambazaji wa maji Nairobi na wakulima wa juu, kila mmoja na fungu lake. Hapo kuna watu wa kuketi nao mezani.

Toa jibu hata likikuudhi. David Keiser na Joseph Shapiro walichambua Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya 1972 na mwaka 2019 wakachapisha kwamba bei za nyumba zilipanda kwa kama robo tu ya ruzuku zilizotolewa. Wakasema pia wazi kwamba bei za nyumba hazibebi faida zote. Mpenda mito atanuna. Anune.

Usifanye

Usitoe namba moja kavu. Toa kima cha chini, cha juu, na kitu gani kinavitenganisha.

Usiifungie namba kabatini. Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, huchuja majitaka ya jiji kabla hayajafika kwenye ghuba ambako, kilomita chache mbele, mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji hilohilo. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walikadiria kazi hiyo kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Kazi nzuri, namba safi, hadi leo inatajwa darasani. Kinamasi kimeendelea kuliwa na viwanda upande mmoja na mashamba ya magimbi upande mwingine.