Mteja Wangu Yuko Riyadh

Mama, mimi ni mshauri nasaha mwenye leseni, naishi Gatina, Kawangware. Kuna binti wa Laini Saba, Kibera, ninayemsikiliza tangu mwaka jana. Majuzi alipata kazi ya nyumbani Riyadh. Sasa hunipigia usiku akiwa chumba cha kufulia, mashine ikinguruma ili asisikike. Jana aliniambia amechoka na uhai. Mkuu wangu kazini anasema simu haina mpaka, niendelee tu. Silali.
– Mshauri, Gatina

Mwanangu,

Simu haina mpaka, lakini leseni inao. Ukiwa Gatina ukamsikiliza mtu aliye Kisumu au Lamu, huna shida. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ilitupa bodi moja kwa nchi nzima. Wamarekani wana leseni ya kila jimbo, ndiyo maana majimbo mengi yalilazimika kuingia katika mkataba wa PSYPACT ili mwanasaikolojia amhudumie kwa video mtu aliye jimbo jingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makubaliano ya aina hiyo kwa wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo. Wa kazi yako bado hawajafikiwa, na inaniuma, maana watoto wetu wanavuka mipaka kila siku. Saudia nako wana tume yao inayowapa leseni wataalamu wa afya, na leseni yako ya Nairobi haikupi ruhusa ya kutibu huko.

Hata hivyo, kinachokukosesha usingizi si karatasi. Angekuwa Laini Saba ungempigia jirani agonge mlango, nawe ungepanda boda ukafika. Riyadh nani atagonga?

Basi usimwache. Kumkatia simu leo kwa sababu ya leseni ni kumsukuma. Akipiga, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mwombe akutumie mahali alipo kwa simu, jina la mwajiri, na jina la Mkenya yeyote aliye karibu naye. Patana naye juu ya neno la siri. Akikuandikia, kwa mfano, "mama amenunua unga?", ujue simu imeshikwa na mtu au mambo yameharibika. Kila ujumbe wa sauti aufute, maana simu ya mfanyakazi wa nyumbani hupekuliwa.

Mwambie pia ukweli: uhai wake ukiwa hatarini, siri haitakaa kati yenu wawili. Hapo utawapigia ubalozi wa Kenya Riyadh. Anza nao, si wakala aliyempeleka. Wakala anaweza kumpigia mwajiri kabla msaada haujafika. Mwombe ruhusa umwone mama yake, ili naye aijue namba ya ubalozi.

Mkuu wako mwombe aandike agizo lake, atie sahihi. Wewe iandikie bodi, na umweleze msimamizi wako wa taaluma kila kitu. Endelea kumsikiliza binti huyu kama mtu anayemjali huku ukimtafutia anayeruhusiwa kumtibu huko aliko. Nawe usiubebe mzigo huu peke yako: namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozi pesa, na washauri nao huipiga.

Saa za Riyadh na Nairobi ni zilezile. Leo usiku, mashine ikianza kunguruma, uwe na kalamu mkononi.