Kijana Ameuliza Nani Aliandika Kifo cha Musa

*Mpendwa Mshauri, ninafundisha vijana kanisani kwetu Bwiza, hapa Bujumbura. Kijana mmoja ameniuliza: kama Musa ndiye aliyeandika vitabu vitano vya mwanzo, nani aliandika habari za kifo chake? Wazee wananiambia nimnyamazishe. Nifanyeje? – Mwalimu, Bwiza*

Mwalimu, usimnyamazishe. Huyo kijana amesoma Kumbukumbu la Torati hadi sura ya 34, na waumini wengi hawafiki huko. Marabi wa kale nao waliuliza swali lilelile: Talmudi inataja maoni kwamba mistari minane ya mwisho iliandikwa na Yoshua.

Darasani, anza na mji wenu. Ukiokota barua isiyo na tarehe, nayo inauita mji huu Bujumbura, utajua ni ya wakati wa uhuru wa 1962 au baada yake, kwa sababu Wabelgiji waliuita Usumbura. Sasa wafungulie vijana Mwanzo 14:14, ambapo Abramu anawafukuza adui mpaka Dani. Halafu Waamuzi 18:29: mji huo ulikuwa ukiitwa Laishi, na jina la Dani ulipewa baadaye sana. Basi aliyeandika jina lile katika Mwanzo aliishi baada ya badiliko hilo. Lakini wasisitizie kwamba hiyo ni tarehe ya mstari, si ya kitabu kizima. Simulizi kongwe huweza kupita mikononi mwa waandishi kadhaa, na kila mmoja akaacha alama yake. Wengi huteleza hapo, wanaoamini na wasioamini.

Waeleze pia habari za Ketef Hinnom, Yerusalemu. Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alichimbua kaburini vikunjo viwili vidogo vya fedha. Vilipofunguliwa, kazi iliyochukua miaka, vilikutwa na maneno ya baraka ya Hesabu 6:24–26. Vinakadiriwa kuwa vya karibu mwaka 600 KK, kabla Wababeli hawajaubomoa mji. Hatuwezi kusema Hesabu ilikuwa imekamilika, ila baraka ile watu walikuwa nayo tayari.

Kitabu cha Danieli kipangie siku yake, maana tarehe yake inabishaniwa. Wataalamu wengi wanakiweka karibu 165 KK, wakati Wayahudi walipoteswa na mfalme Antioko wa Nne; Wakristo wengi wanashikilia karne ya 6 KK. Wape vijana hoja za pande zote mbili.

Kwa wazee nenda mapema, kwa heshima, ukiwa na Biblia mkononi. Wasomee mistari ile miwili ya Dani, kisha uwaombe waje kukaa darasani Jumapili ijayo.